Barua Zilizomezwa — Sehemu ya Saba: Mlango Mmoja

"Shemeji yako."

Haya, msomaji, limetoka. Siku saba umekaa roho juu ukijiuliza Fundi Waya atamtaja nani, na wengine wenu mliapa kuwa ni yule mama wa duka la vifungo. Mmemsingizia bure. Fundi wa kompyuta, ukosi wa shati lake ukiwa mkononi mwa Mama Pindo na mgongo wake ukiwa umegota kwenye rafu ya majora, alimtaja mdogo wa marehemu mume wa Mama Pindo, tumbo moja.

"Rudia," Mama Pindo alisema.

"Shemeji yako. Huyo wa karakana ya ng'ambo ya barabara."

"Lini?"

"Siku ya tatu baada ya mazishi."

Mama Pindo aliuachia ukosi. Siku ya tatu baada ya kumzika mumewe, Mama Pindo alikuwa amelala hajui mchana wala jioni, na shemeji huyo huyo ndiye aliyesimama mlangoni akiwaambia wageni, "Mwacheni apumzike."

Wewe uliyejiunga leo, nikuweke sawa kwa pumzi moja. Mama Pindo ni mshona sare. Pindo lake halifumuki, ndiko jina lilikotoka. Miezi saba wateja walimkimbia, au ndivyo alivyodhani. Amewaachisha kazi mafundi wanne kati ya tisa, vyerehani vyao vimefunikwa mashuka, na mnunuzi ameshakuja kuvipiga picha. Jana yake ndipo alipoingia kwenye sanduku la barua taka la kompyuta yake, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu, akakuta barua mia mbili na kumi na moja. Wateja hawakumkimbia. Walikuwa wanaandika, na chujio la barua pepe linameza.

Chujio lilikuwa limepewa kanuni moja kwa mkono wa mtu: barua yoyote yenye neno "sare" itupwe kwenye taka. Kwa mshona sare! Ni sawa na kumzibia mwokaji neno "mkate".

"Na wewe ukakubali?" aliuliza.

"Alikuja analia, mama. Akasema mjane asisumbuliwe na oda kwenye msiba. Nikaona ni huruma."

"Huruma ya miezi saba?"

Fundi Waya ni mtu mpole, anahudumia kompyuta za mtaa mzima, na machujio yote ya mtaa ameyabana kupita kiasi tangu siku duka la dawa lilipopata kirusi. Kwake barua iliyopotea ni afadhali kuliko kirusi kilichoingia. Kwa nini isiwe afadhali? Barua zinazopotea si zake.

Kwenye meza ya kukatia alikuwepo Shangazi, dada wa baba yake Mama Pindo, bibi wa miaka sabini anayekata jora zima bila kuchora chaki. Aliweka mkasi chini.

"Mwache mtoto wa watu, atakufia hapa. Soma hizo barua."

Mama Pindo alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Shule ya chekechea: "Mama, hii ni barua ya tatu. Kama umefunga, tunakupa pole na tunakushukuru kwa miaka yote." Hoteli: "Tumeusikia ukimya wako, tumeelewa." Wameelewa nini? Mwokaji, mteja wake wa kwanza kabisa: "Dada, nimekukosea wapi?"

Hapo alilia kwa hasira, na akawa na hasira zaidi kwa sababu analia.

Msomaji, kampuni kubwa ikikaa kimya, watu hupiga simu na kuomba radhi kwa kuisumbua. Mtu mdogo akikaa kimya wiki mbili, mtaa unamwandikia taarifa ya kifo. Hakuna aliyevuka barabara kumuuliza. Walimwonea haya.

Barua ya mwisho ilikuwa ya hospitali, na ilikuwa na siku nne tu. "Ombi lako limeshika nafasi ya kwanza. Sare mia nne za wauguzi kila nusu mwaka, kwa miaka miwili. Thibitisha kwa barua pepe, kutoka anwani uliyoombea kazi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usipothibitisha, kazi itakwenda kwa aliyeshika nafasi ya pili."

Na jina la nafasi ya pili lilikuwa limeandikwa hapo chini. Shemeji.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Jibu hospitali kwanza," Shangazi alisema.

"Kwanza namkata yeye."

"Mwanangu, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, Shangazi. Imebaki hasira."

Alimgeukia fundi. "Sasa wewe. Ukitaka barua za mtu zigeuke taka dunia nzima, unafanyaje?"

"Mama, mimi sifanyi hivyo."

"Nimekuuliza unajua, sijakuuliza unafanya. Au nitoke hapo barabarani nimweleze kila mwenye duka kilichonipata kwa mkono wako?"

Fundi Waya alieleza kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake. Kila barua ina kitufe pembeni kinachosema "Hii ni taka". Mtu mmoja akikibonyeza, si kitu. Wakibonyeza wengi kwa siku moja, kampuni zinazobeba barua zinasema huyu ni msumbufu, zinamtia alama. Kuanzia hapo barua zake zinatupwa kabla hazijafika popote.

"Wengi ni wangapi?"

"Inategemea anatuma ngapi. Akituma mia na ishirini, zikibonyezwa themanini, ndiyo kwisha. Lakini mama, kuna kitu kimoja..."

"Asante. Toka."

"Ni kuhusu ule mlango wa..."

"Mlango ndio huo. Pita."

Akapita.

Sasa shemeji, kama wafanyabiashara wengi wanaojipenda, ana tabia moja. Kila Alhamisi saa nane mchana anatuma barua ya kujitangaza: picha za kola, picha za mifuko, picha yake mwenyewe akitabasamu na futi shingoni. Anaituma kwa wateja, kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa mafundi wa Mama Pindo, ili wajue kuna mahali pa kuhamia. Wote walikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho.

Mama Pindo alimtuma fundi wake mmoja, yule wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akawaite wale wanne walioachishwa. Walikuja wote wanne. Mmoja alikuja na unga mikononi, alikuwa anakanda. Mama Pindo aliwaonyesha zile barua mia mbili na kumi na moja, akasema, "Sikuwaachisha mimi. Mliachishwa na mtu." Halafu akawaambia ni nani.

Karakana ilinyamaza, na Redio naye alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Tunafanya nini?" aliuliza yule wa unga.

"Leteni simu. Zenu, za waume zenu, za mama zenu, za majirani. Yeyote anayepata barua yake ya Alhamisi."

Saa nane kasoro walikuwa wamezipanga kwenye meza ya kukatia, simu juu ya simu, nyingine zimefungwa kwa raba, nyingine vioo vimepasuka. Binamu na mashemeji wengine ambao hawakuweza kufika walikuwa wanasubiri amri kwa mbali.

Karakana hiyo ina mtindo wake wa kuanza oda kubwa. Hawaanzi mmoja mmoja. Mama Pindo husimama katikati na kuita, mafundi huitikia, na pedali zote hukanyagwa kwa pamoja. Miezi saba mwito huo haukusikika. Siku hiyo ulisikika, ila maneno yalibadilika.

"Barua!"

"Ipo!"

"Kidole!"

"Kipo!"

"Bonyeza!"

Wakabonyeza. Walibonyeza kwa jino na ukucha, msomaji. Redio alibonyeza simu tano akitaja jina la kila mwezi aliokaa bila oda. Walipohesabu, pamoja na za mbali, zilikuwa themanini na sita.

Shangazi peke yake hakubonyeza. Simu yake ilibaki mfukoni mwa aproni.

"Umejibu hospitali?" aliuliza.

"Kesho asubuhi. Lazima niambatishe jedwali la vipimo na picha ya sampuli, na nataka niandike vizuri. Leo mkono unatetemeka."

"Unatetemeka kwa furaha."

"Ndiyo. Kwa furaha. Nimekatazwa?"

Ijumaa, saa mbili asubuhi, shemeji alivuka barabara mbio mbio. Jasho lilikuwa limelowesha ile futi ya shingoni.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Nzuri kabisa."

"Kompyuta yako inatuma barua? Zangu hazifiki. Tangu jana jioni. Nimemwandikia mteja mkubwa mara nne, amenipigia simu anasema hajaona hata moja."

Mama Pindo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliutunga taratibu.

"Pole. Labda amekuchoka."

"Mteja wa miaka sita?"

"Wateja ndivyo walivyo, shemeji. Wangu walinichoka siku ya tatu baada ya mazishi."

Mtu yule alitazama kompyuta, akawatazama mafundi, wote tisa, wale wanne wakiwemo, wamekaa kwenye viti vyao vya zamani mashuka yameondolewa. Akajua kwamba wanajua.

"Umenifanya nini?" alinong'ona.

"Nimekuonea huruma. Sikutaka usumbuliwe na oda."

Mafundi walicheka. Kicheko cha miezi saba kilimsindikiza hadi ng'ambo ya barabara, na Mama Pindo alisimama dirishani kumwangalia akijikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe. Sitakudanganya kwamba alijisikia vibaya. Alijisikia vizuri mno, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Saa tatu alikaa kwenye kompyuta. Aliandika uthibitisho, akaambatisha jedwali la vipimo na picha ya sampuli ya sare, akasoma mara tatu, akatuma. Hospitali ilikuwa imeahidi kwamba kila uthibitisho utajibiwa papo hapo kwa neno moja: imepokelewa.

Saa tatu na nusu, hakuna neno.

Saa nne, hakuna.

Saa nne na nusu alituma tena. Saa tano kasoro robo alipiga simu. Alipokea afisa ugavi, mwanamke mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa mahali.

"Dada, barua yako haipo."

"Nimetuma mara mbili! Naomba uangalie kwenye taka."

"Taka sisi hatuioni. Inafutwa kabla haijaingia."

"Basi niilete kwa mkono. Nitafika kwa robo saa."

"Barua za mkono tuliziacha, dada. Zilikuwa zinakuja na bahasha nyingine ndani. Utaratibu ni barua pepe, anwani ile ile uliyoombea. Una saa moja na dakika kumi na tano. Nakutakia heri."

Simu ikakatwa kwa adabu.

Redio alitumwa kwa Fundi Waya na akarudi naye amemshika mkono, kana kwamba angetoroka. Fundi alikaa, akagusa vitufe viwili vitatu, akatazama. Halafu akafunika uso kwa viganja.

"Sema," Mama Pindo alimwambia.

"Mmebonyeza ngapi jana?"

"Themanini na sita."

"Mama, marehemu na mdogo wake walianza na karakana moja. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Walipogawana, waligawana vyerehani, majora, meza. Barua hawakugawana. Kila mmoja ana anwani yake, ila barua zote zinatokea mlango mmoja. Mlango ukishatiwa alama, hawaulizi nani kapita. Ya kwake taka, ya kwako taka."

Mama Pindo alimsogelea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema 'lakini', mama. Ukanionyesha mlango."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu wetu alikuwa ameingia akiimba, na mafundi tisa wakiitikia. Mama Pindo alikaa kwenye ukingo wa meza. Miaka miwili ya kazi, mafundi tisa waliokwisha kuondoa mashuka yao, jina alilolijenga pindo kwa pindo, vyote alivibonyeza mwenyewe. Alitamani kupiga mtu na hakuona wa kumpiga.

"Tukibonyeza kinyume?" Redio aliuliza. "Tuseme si taka?"

"Inachukua siku nyingi kusafika."

"Basi tuhamishe," Mama Pindo alisema. "Si unayo milango mingine?"

"Ninao mmoja safi. Dakika kumi tu, na anwani yako haibadiliki. Lakini..." Fundi alisita, akamtazama kama anaomba ruhusa.

"Leo sema 'lakini' yote, mwanangu."

"Lakini lazima nifungue usajili wa jina la karakana. Unafunguliwa kwa nenosiri, na marehemu alimwachia mtu mmoja tu."

Hakuhitaji kumtaja. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

Mama Pindo alivuka barabara bila kuvua aproni. Nyuma yake Fundi Waya na kompyuta yake ya kubeba kifuani, na nyuma kabisa Shangazi, polepole, na mkasi wake mkononi kwa sababu alisahau kuuacha.

Karakana ya shemeji ina vyerehani kumi na viwili, sakafu inang'aa, na kila fundi ana taa yake. Mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya meza. Alipomwona anaingia, alielewa upesi kuliko Mama Pindo alivyotegemea.

"Kumbe nawe umezibwa!" Alicheka hadi akashika tumbo. "Shemeji, umenifungia nje ukajisahau ndani!"

"Naomba nenosiri."

"La nini?"

"La usajili. Nina nusu saa."

"Nusu saa ikipita, mimi ndiye nafasi ya pili. Kwa nini nikupe?"

"Kwa sababu fundi huyu yuko tayari kuwaeleza hospitali kwa nini sikujibu barua. Siku, saa, na nani aliagiza. Kazi hutaipata. Tutakosa wote, ichukuliwe na kiwanda cha nafasi ya tatu, na kile hakijui hata kutofautisha pindo na mshono."

Kicheko kilipungua. Alimtazama Fundi Waya, naye fundi, kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, aliitikia kwa kichwa, kwa uhakika. Ndiyo, nitaeleza.

Shemeji aligonga vidole mezani. Saa ya ukutani ilikuwa kubwa, na wote waliitazama.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya nini?"

"Sare mia mbili unashona wewe, mia mbili nashona mimi. Miaka yote miwili. Uandike kwenye barua hiyo hiyo ya uthibitisho, nione kwa macho yangu. Hapo nakupa."

"Ulinizika hai miezi saba, na sasa unataka nusu?"

"Saa tano na dakika thelathini na tisa, shemeji."

Damu ilimpanda hadi masikioni. Kushona bega kwa bega na mtu huyu! Alitaka kutema mate kwenye sakafu ile inayong'aa. Akawakumbuka mafundi wake na mashuka waliyoyakunja asubuhi.

"Sawa. Toa."

Alilitoa kwenye karatasi ndogo ndani ya droo, akalisoma kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Herufi ndogo, yote neno moja. Pindolangu."

Mama Pindo alishika kiti. Ndivyo mumewe alivyokuwa akimwita wakiwa wawili, na hakujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyelisikia jina hilo. Huyu alikuwa nalo kwenye droo, kati ya vifungo na risiti. Uchungu wa hilo ulizidi wa zile barua zote, na hakuusamehe, na mpaka naandika sasa hajausamehe.

"Andika," alimwambia fundi. Sauti ilitoka kavu.

Fundi Waya akafungua, akahamisha. Dakika kumi zilikuwa kumi na mbili. Mama Pindo alizitumia kuandika barua upya, kwa vidole viwili, shemeji akiwa amesimama nyuma ya bega lake akinusa ushindi.

"Nathibitisha sare mia nne. Mia mbili zitashonwa karakana yangu. Mia mbili zitashonwa na mshirika wangu wa ng'ambo ya barabara."

"Hapo hapo. Vizuri," shemeji alisema. "Tuma."

"Bado sentensi moja."

Aliiandika. Shemeji aliisoma, na alipofika katikati aliruka.

"'Kila sare ya mshirika itakaguliwa na mimi, na nitakayoikataa haitapelekwa.' Hiyo nini? Futa!"

"Saa tano na dakika hamsini na sita," Mama Pindo alisema. "Nikianza kufuta, na mimi naandika kwa vidole viwili..."

"Hatukukubaliana hivyo!"

"Hamsini na saba. Niifute?"

Shemeji alitazama saa, akatazama sentensi, akatazama sare mia mbili kila nusu mwaka zikielea hewani mbele yake. Mama Pindo hakumsubiri. Alituma.

Walisimama wote wamezunguka kompyuta. Hata mafundi wa shemeji waliacha pedali.

Jibu liliingia saa sita kasoro dakika moja. "Imepokelewa. Ukaguzi uwe juu yako kama ulivyoandika."

Fundi Waya alikaa chini sakafuni. Kutoka ng'ambo ya barabara, Redio aliyekuwa anachungulia dirishani alipiga kigelegele bila hata kujua limetokea nini.

Mama Pindo aligeuka, akainyoosha futi iliyokuwa shingoni mwa shemeji yake, kwa upole, kama dada.

"Sampuli yako ya kwanza naitaka Jumatatu. Pindo likipanda uzi mmoja, narudisha. Kola ikiegemea, narudisha. Utashona, utafumua, utashona. Miaka miwili, shemeji. Nitakurudishia mpaka usikie jina langu usingizini."

Nilidhani mtu yule angelia. Wewe pia ulidhani. Lakini alikuwa na uso wa mtu aliyeishiwa cha kupoteza, na uso huo haufai kuchezewa.

"Nirudishie," alisema. "Ni haki yako. Niliweka kanuni ile, sikatai. Ila mimi niliomba wiki mbili."

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili za msiba, ziwe zangu, nijipatie wateja wawili watatu. Ubaya huo ni wangu. Zilipoisha nilikwenda kwa fundi aiondoe. Akaniambia kuna mtu ameshapita, amemwagiza aiache kama ilivyo. Nikanyamaza, maana ilinifaa. Kunyamaza nako ni kwangu. Miezi mingine yote sita na ushei, shemeji, mdai mwingine."

"Fundi," Mama Pindo alisema.

Fundi Waya, pale chini alipokaa, hakumtazama yeye wala hakumtazama shemeji. Alitazama mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama Shangazi.

"Mimi," Shangazi alisema. "Nilikwenda kwake kwa miguu yangu. Na ningekwenda tena."

Mama Pindo alimgeukia.

"Turudi kwetu," Shangazi alisema. "Usiniulize hapa kwa nini. Usiniulize mbele ya huyu. Unanijua, mwanangu, nikiulizwa huwa najibu."

Shemeji alikuwa ameinamisha shingo mbele kidogo, anasikiliza.

"Kwa nini?" Mama Pindo aliuliza.